Grini kadi, ndoa ya Mmarekani na kihamba cha Kibosho: ukitaka kuishi Moshi au Arusha, ushike njia ipi?

Mjomba wangu wa Kibosho aliniuliza Desemba iliyopita, bakuli la mtori likiwa mkononi: "Mwanangu, si umeolewa na Mmarekani wewe? Sasa hiyo kadi wakunyang'anye kwa kosa gani?" Shangazi wakaitikia, na binamu zangu waliopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi nao wakaitikia. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka miwili ya mwanzo, tena nilikuwa nawafundisha wenzangu.

Ndoa ilinipatia grini kadi, lakini haiilindi. Kinachoilinda ni makao. Mwenye kadi anahesabiwa kuwa mkaazi wa kudumu wa Marekani. Akihamishia maisha yake Njiro ya Arusha au Shanty Town ya Moshi, anaweza kuhesabiwa kwamba ameuacha ukaazi huo, hata kama kila usiku analala kitanda kimoja na raia wa Marekani. Na kuna mahali ndoa inakugeuka kabisa. Mume akibaki Ohio wewe ukaja Moshi kumuuguza mama, afisa wa uwanja wa ndege anamwona mtu anayerudi kwake. Mume naye akiwa Moshi, watoto wanasoma Moshi, mbwa yuko Moshi, afisa atajiuliza huko Marekani umebakiza nini.

Kwa hiyo haya nayaandika kwa Mtanzania mwenye grini kadi, mume au mke wake ni raia wa Marekani, na wote wawili wanataka kuja kukaa huku kwetu chini ya mlima, iwe kwa mwaka mmoja au kwa miaka kumi. Njia zipo nne, na moja kati yake ina mlango wa pembeni ambao watu wengi wa Arusha wangeweza kuupita na hawaujui.

Kadi peke yake

Hii ni ya anayekuja na kurudi. Kuna namba mbili za kukariri. Ya kwanza ni siku 180. Ukiwa nje kwa mfululizo usiozidi hapo, kwa kawaida sheria inakuona mkaazi anayerejea nyumbani. Ukizidisha, unatazamwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na maswali yanaongezeka. Ukiondoka tarehe 1 Desemba uwahi Krismasi ya Uchagani, siku ya 180 inaangukia tarehe 30 Mei, masika yakiwa yanaisha. Namba ya pili ni mwaka mmoja. Ukifikisha mwaka nje, kadi yenyewe haitoshi tena kukurudisha, hata kama tarehe iliyoandikwa juu yake ina miaka saba mbele.

Hapo ndipo unapotokea ule ushauri wa vijiweni: "Rudi kila baada ya miezi mitano, gusa ardhi ya Marekani wiki moja, geuza." Nimewasikia watu wazima, wenye digrii zao, wakiusema. Siku 180 si leseni ya kuishi nje kwa vipande. Afisa anaona safari zako zote kwenye kompyuta, na mtu anayelala Marekani wiki mbili kwa mwaka anaweza kuambiwa ameuacha ukaazi ingawa hajawahi kuvuka hata miezi sita. Wanachokitafuta ni nia, na nia wanaisoma kwenye vitu: nyumba au mkataba wa pango, akaunti ya benki inayotumika, leseni ya udereva, ritani za kodi, kazi unayorudia.

Jambo moja lishike hata ukisahau mengine. Ukikwama uwanjani ukaletewa fomu I-407, ile ya kurudisha kadi kwa hiari, neno "hiari" lina maana yake. Hulazimiki kusaini. Una haki ya kukataa na kuomba shauri lako lisikilizwe na jaji wa uhamiaji. Mtu aliyetoka KIA akabadilisha ndege Amsterdam au Doha, akafika huko na mtoto mgongoni hajalala saa ishirini, atasaini chochote alale. Wengine wamesaini.

Mwaka ukikupita kwa sababu iliyokuwa nje ya uwezo wako, kwa mfano umelazwa hospitali na daktari amekukataza kusafiri, kuna viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini. Lakini ni lazima uthibitishe kwamba uliondoka ukiwa na nia ya kurudi na kwamba kuchelewa hakukuwa kwa kupenda kwako. "Mama alikuwa mgonjwa nikaona nibaki" ni sababu nzuri kwetu. Kule wanaweza kuisoma vingine.

Kijitabu cha miaka miwili

Hii ndiyo njia niliyoshika mimi. Kibali cha kuingia tena kinaombwa kwa fomu I-131, ni kijitabu kinachofanana na pasipoti, na kwa kawaida kinadumu miaka 2. Ukiwa nacho, huwezi kuhesabiwa kwamba umeacha ukaazi kwa sababu tu ya urefu wa muda uliokaa nje. Afisa bado anaweza kukuuliza mengine, ila lile kubwa umelijibu kabla hujaondoka: niliwaambia naenda, nikawaambia nitarudi.

Ugumu wake uko kwenye mpangilio wa mambo. Lazima uwe ndani ya Marekani siku unapoomba. Huwezi kufika Moshi, ukapapenda, ukaamua kuomba ukiwa Moshi. Halafu wanakuita kuchukua alama za vidole, na hilo nalo linafanyika huko huko. Mimi nilikaa wiki tano kwa wifi yangu nikisubiri barua ya miadi, tumeshakabidhi nyumba, masanduku sebuleni kwa watu, mume keshatangulia. Ukishatoa vidole unaweza kuondoka, na kijitabu ukaomba kitumwe ubalozini Dar ukichukulie huko. Ada ilipobadilishwa Aprili 2024 ikawa dola 630.

Hakiongezwi muda. Kikiisha unarudi Marekani kuomba kingine, na ukiwa umekaa nje zaidi ya miaka 4 kati ya 5 iliyopita, vinavyofuata kwa kawaida vinakuwa vya mwaka mmoja mmoja. Na wewe uliyeolewa karibuni, ukapewa kadi ya miaka miwili kwa sababu ndoa ilikuwa haijafikisha miaka 2 siku ulipopata ukaazi, kijitabu chako hakiwezi kuvuka tarehe ya mwisho ya kadi hiyo. Zaidi ya hapo bado unadaiwa fomu I-751, ile ya kuondoa masharti ya kadi, wewe na mwenzio, ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, hata mkiwa mnaishi Usa River. Kuwa mbali hakuwasamehi.

Ukiviweka kijitabu na kadi tupu mezani pamoja, kadi tupu ni ya anayetembea na kijitabu ni cha anayehama kwa muda. Ila kijitabu kina kasoro ambayo mimi niliambiwa nimeshachelewa, na mtu niliyemlipa kunishauri: hakilindi hesabu ya uraia. Miaka yako miwili ya Moshi haihesabiki, na mfululizo wa ukaazi unakatika. Ukirudi, sehemu kubwa ya hesabu unaianza upya.

Uraia kwanza, Moshi baadaye

Aliyeolewa na raia anaweza kuomba uraia baada ya miaka 3 ya ukaazi badala ya 5, mradi miaka hiyo mitatu ameishi na mwenzi wake ndani ya ndoa, na mwenzi amekuwa raia muda wote huo. Ndani ya miaka hiyo uwe umelala Marekani angalau miezi 18, na safari moja isizidi miezi 6. Fomu ni N-400. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 710 ukiomba mtandaoni. Ukishakula kiapo, mambo ya siku 180 na maswali ya uwanjani yamekwisha. Unaweza kukaa Machame miaka thelathini na ukarudi siku yoyote.

Kwa upande wa Marekani, hii ndiyo njia bora, na wakili yeyote wa huko atakwambia hivyo hivyo. Lakini wakili wa huko hajui kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, ni nini.

Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima. Ukichukua uraia wa Marekani kwa ridhaa yako, uraia wa Tanzania umeondoka. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kwa kawaida, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji kupitia utaratibu wa uwekezaji. Ardhi ya kimila kijijini ndiyo kabisa, ni ya raia. Wasomaji wa Uchagani hawahitaji kuelezwa uzito wake. Baba aliponikatia kipande changu, migomba na kahawa kidogo chini yake, baadhi ya ndugu walinuna mwaka mzima, kwamba binti aliyeolewa, tena na mzungu, anapewaje kihamba. Nilikipata kwa shida hiyo. Nikikaa chumbani kule Ohio nikainua mkono wa kulia kuapa, nimejiondoa mwenyewe kwenye safu ya watu wanaoweza kukishika.

Kuna na hili ambalo wanandoa wengi hawalioni mpaka wamefika kaunta ya Uhamiaji. Leo mimi ni Mtanzania, na mume wangu anaweza kuishi hapa kwa mgongo wangu, kama mtegemezi wangu. Akitaka kufanya kazi ndipo anapohitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Siku nikiwa Mmarekani, Moshi tutakuwa wageni wawili. Mimi niliyezaliwa hapa nitategemea kibali chake, au niingie kwa viza ya dola 100 wanayotozwa Wamarekani na kuhesabu miezi mitatu mitatu. Kibali chake kikifutwa kwa kuwa mradi umeisha, tunafunga mizigo wote.

Serikali yetu imekuwa ikielekea kwenye hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania badala ya uraia pacha. Ni hatua, na kwa aliyekwisha badili uraia ni nafuu. Ila hadhi si uraia, haikupi haki ya kupiga kura. Na kwa kuwa tumegusa sheria zetu: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia wetu kwa msingi wa ndoa yake, mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana mlango huo. Mume wangu akisikia hivyo hucheka. Mimi huwa sicheki.

Mlango wa pembeni: mwenzio ameajiriwa na nani?

Sasa twende Arusha, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo tamu. Kifungu cha 319(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamruhusu mwenzi wa raia aombe uraia bila kusubiri ile miaka 3, ikiwa raia huyo amepangiwa kazi nje ya nchi na mwajiri wa aina fulani, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Waajiri wenyewe ni serikali ya Marekani. Taasisi ya utafiti ya Marekani inayotambuliwa kwenye orodha yao. Kampuni ya Marekani ya biashara ya nje au tanzu yake. Shirika la kimataifa ambalo Marekani inashiriki kwa mkataba au kwa sheria. Na dhehebu au shirika la kimisioni lenye taasisi yake halali kule.

Uone mji mmoja unavyoweza kugawanyika. Mume anayefanya kazi Lakilaki, kwenye taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za ile mahakama ya mauaji ya Rwanda, ana hoja, kwa sababu Marekani ni mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Jirani yake aliyeajiriwa Jumuiya ya Afrika Mashariki hana, wala yule wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa Marekani haimo. Mmisionari wa Kilutheri aliyetumwa Moshi na kanisa lake la Marekani anaingia. Mtafiti aliyeko KCMC anategemea mshahara wake unatoka wapi: kama ni chuo cha Marekani kilichomo kwenye orodha, sawa, kama ni mkataba na hospitali yenyewe, hapana. Na yule aliyempenda binti wa Tengeru akabaki, akafungua kampuni ya safari, akaisajili kwa msajili wa makampuni, BRELA, na kununua Land Cruiser mbili, hata awe na bendera ya Marekani sebuleni, kampuni hiyo huenda isitoshe.

Bado lazima uwe na grini kadi, bado utafanya mtihani wa Kiingereza na wa historia yao, na lazima uwe Marekani siku ya usaili na ya kiapo. Unatamka pia kwamba utaishi na mwenzio huko nje na kwamba mtarudi Marekani kazi yake ikiisha. Kinachoondolewa ni kusubiri. Linganisha mwenyewe: mwenye kijitabu anapoteza miaka ya uraia kwa kuja Arusha, huyu wa 319(b) anapata uraia kwa sababu hiyo hiyo ya kuja Arusha. Nyumba zao zinaweza kuwa zimepakana Sakina. Na wote wawili, wakishaapa, wamepoteza pasipoti ya Tanzania; mlango ni wa haraka, gharama ya upande wetu ni ile ile.

Walio na wenzi walioajiriwa na serikali ya Marekani na kutumwa nje kwa amri rasmi wana ahueni zaidi hata bila kuapa, maana kadi yao inaweza kuwarudisha hata baada ya mwaka. Hao ni wachache huku kwetu.

Kurudisha kadi na kuanza upya siku ikifika

Wapo wanaosema: kwani shida yote ya nini? Jaza I-407, rudisha, kaa kwenu kwa amani. Siku mkitaka kurudi, mwenzio akuombee upya kwa I-130, mke na mume wa raia hawapangi foleni ya mgao wa kila mwaka.

Ni kweli hawapangi. Lakini makaratasi yanachukua miezi mingi, usaili ni upya, vipimo ni upya. Mwenzio naye lazima aonyeshe kwamba makao yake yako Marekani au anaenda kuyarudisha, kwa sababu ndiye anayesaini dhamana ya kukutunza, na mwanamume aliyeishi Kilema miaka minane ana kazi ya kulieleza hilo. Na milango ya viza inafungwa kwa tamko moja la rais wao. Januari 2020 Watanzania tulitolewa kwenye bahati nasibu ya viza, tukarudishwa Januari 2021, na mwishoni mwa 2025 tukatajwa tena kwenye orodha ya wenye vikwazo. Walioshika grini kadi mkononi hawakuwa walengwa wa matamko hayo. Aliyeirudisha mwezi mmoja kabla angekuwa mwombaji viza kama wengine.

Hata hivyo sitasema ni njia ya wajinga. Kwa wazee waliomaliza kazi, wanaotaka kufia kwao na kwenda kusalimia wajukuu mara moja kwa miaka miwili, ni njia ya heshima kuliko kudanganya uwanjani. Tena anayerudisha mwenyewe kwa adabu anaonekana vizuri akija kuomba viza ya matembezi.

Kodi, kwa kifupi

Mwenye kadi na raia wako sawa hapa: wote wanaripoti Marekani mapato ya dunia nzima, hata ya duka la Boma Ng'ombe. Akaunti zako za CRDB na NMB zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unaziripoti pia. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, ingawa kodi uliyolipa TRA inaweza kupunguza ya kule. Kosa la kuogopa ni moja: mwenye kadi anayejaza ritani kama asiye mkaazi ili aokoe dola mia chache ameandika kwa mkono wake kwamba ameacha ukaazi. Na aliyeshika kadi miaka 8 kati ya 15 asiirudishe kabla hajaongea na mhasibu, kwa sababu kuna kanuni za kodi za wanaoondoka.

Ningekushauri nini ungenikuta sokoni Mbuyuni

Ningekuuliza kwanza mwenzio analipwa na nani. Jibu likiwa kwenye ile orodha ya 319(b), na huna ardhi unayoililia, nenda huko, usisubiri.

Kama hayumo, na umebakiza mwaka mmoja au chini kufikisha miaka mitatu, na huna kihamba, vumilia baridi ya huko uape ndipo uje. Nimeona watu wakikimbilia huku wamebakiza miezi saba tu, kwa sababu nyumba ya Njiro ilipatikana kwa bei nzuri. Nyumba ziko nyingi Njiro.

Ukiwa na ardhi, au mzazi anayezeeka ambaye hujui atakuhitaji kwa muda gani, kijitabu kinakununulia miaka miwili ya kufikiri bila kukata upande wowote. Kadi tupu waachie wanaokuja kwa msimu mmoja na tiketi ya kurudi mfukoni.

Kijitabu changu kimebakiza miezi kumi na mmoja. Mume wangu anataka tukirudi nihesabu upya, niombe uraia, tumalize. Anasema ardhi tutaiandika kwa jina la kaka yangu. Nimemwambia ngoja. Krismasi ijayo mjomba ataniuliza tena habari ya kadi, na safari hii nitalazimika kumweleza kwamba mwenye kuulizwa habari ya ile migomba ni mimi.